Kamba ya Kuanikia

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Kola alifumba macho akatembea uani. Alishika kamba kwa mkono wa kushoto, akaanzia mlango wa nyuma, akaburuza miguu kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka, mpaka mlango wa choo kwenye pembe ya ua, kisha akarudi. Mtu angemwona angedhani bado ana usingizi. Lakini hakujua njia nyingine ya kuupima ua ule. Macho huruka shimo kabla mwenyewe hajatambua kwamba kuna shimo. Mguu ndio hausemi uongo.

Siku hiyo mguu ulisema mapema. Hatua chache baada ya ngazi, kisigino kilizama, mwili ukayumba, na kama si kamba angekula mchanga. Akafumbua macho. Shimo lilikuwa jipya, udongo wake bado una unyevu, na kando yake vinyesi vidogo vya mviringo kama punje za pilipili manga.

"Hawa wanyama," alisema kwa sauti ya chini ili asisikike ndani, "wana ugomvi gani na mimi?"

Alichukua koleo, akafukia, akashindilia kwa miguu, akamwaga maji, akashindilia tena. Alipomaliza alitazama kwenye ua wa michongoma uliowatenga na jirani. Chini ya matawi, sungura wa kahawia alikuwa amekaa anatafuna, akimtazama bila haya. Sungura wa hadithi angalau akikutenda hukimbia. Huyu alikaa.

Ndani, mama yake alikuwa ameketi kitandani akichana nywele. Mama yule alikuwa haoni. Hakuzaliwa hivyo, ugonjwa wa macho ulimwibia mwanga kidogo kidogo, kama mtu anayepunguza utambi wa taa, hadi asubuhi moja akauliza kwa nini hawajafungua dirisha, na dirisha lilikuwa wazi. Alilia siku hiyo tu. Kesho yake alimwita binti yake akampa masharti mawili. La kwanza, hataki kupelekwa chooni kwa mkono kama mtoto. La pili, jambo hilo lisivuke kizingiti.

"Nimekaa mtaa huu tangu nyumba zikiwa za kuhesabu," alisema. "Nikijulikana, watu wataanza kunisalimia kwa kupaza sauti, kama vile nimekuwa kiziwi. Sitaki."

Basi Kola akafunga kamba mbili uani. Ya juu ilikuwa ya kuanikia nguo kwelikweli. Ya chini, iliyopita usawa wa kiuno, ilikuwa ya mama. Mwenye kuchungulia kutoka nje aliona shuka na mashati yakipepea, akaenda zake. Hakuna anayejiuliza kwa nini watu wana kamba mbili. Kwenye kamba ya chini Kola alifunga mafundo. Fundo moja lilimaanisha ngazi. Mawili yaliyobanana, bomba la maji na kona. Matatu, mlango wa choo. Mama aliyasoma kwa vidole, akatembea wima, kanga begani, na akisalimiwa kutoka ng'ambo ya michongoma aligeuza uso kule sauti ilikotoka na kujibu kwa bashasha. Hakuna aliyemshuku.

Kazi ya Kola ilikuwa kupiga pasi kwenye duka la dobi, upande wa pili wa mji. Jina alilipata huko. Mikono na migongo ya mashati wengine waliiweza, lakini kola zilikuwa zake: alizianza kutoka ncha kuja katikati, ili kitambaa kisijikunje, na zikitoka mezani pake zilisimama kama zimeajiriwa. Ilikuwa kazi ya kusimama kutwa na kufikiri, na siku hizo kufikiri ndiko kulikokuwa kunamuumiza. Kila alipoinua pasi alimwona mama yake hewani, mguu mmoja umekosa ardhi.

Kilichomtisha zaidi ni kwamba kamba yenyewe ilikuwa imegeuka mtego. Ilimpeleka mama moja kwa moja palepale sungura walipopenda kuchimba, maana udongo wa njia ile ulikuwa laini, umemwagiwa maji ya bomba miaka yote. Bila kamba mama angetambaa kwa hofu. Kwa kamba alitembea kwa imani.

Mwaka uliopita alikuwa ameanguka mara moja, akavunjika kifundo cha mkono. Kaka yake Kola, aliyekuwa na kazi nzuri mji mwingine na nyumba ghorofa ya tatu, alikuja akakaa kitako akasema maneno yake yakaeleweka: akianguka tena, namchukua. Mama aliitikia kwa kichwa. Baadaye, kaka alipoondoka, alimwambia Kola, "Huko ghorofani nitakuwa sanduku. Watanifuta vumbi, watanizungusha, wataniweka pembeni. Lakini nimeshakubali, na neno langu silivunji."

Jirani mwenye sungura alikuwa karani mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Mzee Mihuri, kwa sababu maisha yake yote ya kazi aligonga mihuri kwenye karatasi za watu. Wajukuu walikuja likizo, akawanunulia sungura wawili. Wajukuu walirudi kwao, sungura wakabaki, na sungura wakibaki wawili hawabaki wawili. Sasa walikuwa kundi, na hakuna aliyewafungia.

Kola alikuwa ameshamwendea. Alivaa vizuri, akabisha hodi, akaamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Karibu kiti."

"Nashukuru, sikai. Nimekuja kuhusu sungura wako. Wanapita chini ya michongoma wanachimba uani kwetu."

Mzee Mihuri alivua miwani, akaipangusa polepole. "Wamekula nini chako?"

"Hawajala kitu."

"Una bustani?"

"Sina."

"Una mchicha, una maua, una hata jani la kitunguu?"

"Sina, mzee. Wanachimba mashimo."

"Mashimo." Alilitamka neno lile kama mtu aliyeletewa karatasi isiyo na sahihi. "Binti yangu, mimi nimefungiwa chumbani na meza moja ujana wangu wote. Nilipostaafu niliapa sifungii kiumbe chochote. Wewe una miguu mizuri. Shimo ukiliona, si unaliruka?"

Kola alifungua kinywa. Maneno yalikuwa pale pale, nyuma ya meno: mimi ninaruka, mama haruki. Akayameza. Alikuwa ameahidi. Alirudi nyumbani, na tangu siku hiyo Mzee Mihuri alimhesabu kuwa mwanamke mgomvi anayegombania udongo.

Kisha kaka akapiga simu. Anakuja Jumapili, alisema, kumwona mama tu, asiandaliwe chochote. Kola aliijua sauti ile. Ilikuwa sauti ya mtu anayekuja kukagua.

Ndipo alipopata wazo la kuihamisha njia. Kama sungura wanapenda udongo laini, basi mama apite kwenye udongo mgumu, kando ya ukuta, azunguke, aingie chooni kwa upande wa pili. Wazo zuri, ila kamba haikutosha. Alimwomba msimamizi wa duka la dobi kipande cha kamba ya zamani ya katani iliyokuwa imeachwa kule nyuma, ile waliyokuwa wakianikia mashati yaliyotoka kwenye wanga. Akapewa. Ilikuwa kamba ngumu, nyeupe kwa wanga ulioidondokea miaka yote, na fundo likishakazwa juu yake halilegei. Kola aliifurahia kama nguo mpya. Ijumaa alfajiri aliifunga, akamtembeza mama mara kadhaa, akamwambia kila kona.

"Inakwaruza," alisema mama, akiipapasa. "Vizuri. Kamba laini haina maneno."

Kola akaenda kazini, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alipiga pasi bila kumwona mtu hewani.

Duka lile lilikuwa na mama mmoja mkubwa aliyehusika na sufuria ya wanga. Wote walimwita Shangazi. Alikuwa anakoroga kwa mwiko mrefu na kusema na kila mtu bila kuinua kichwa. Kabla ya saa ya chakula alileta shati moja mezani kwa Kola, akalirusha.

"Tazama hili."

Kola alilitazama. Ncha ya kola ilikuwa imeliwa, nyuzi zinaning'inia.

"Panya," alisema Shangazi. "Lilikaa stoo. Nimewaambia mara ngapi, nguo ya wanga hailazwi stoo? Wanga ni uji, jamani! Mnapika uji mnaupaka kwenye nguo halafu mnashangaa mwenye meno akija kula! Angekuwa mbuzi angekula shati zima na vifungo vyake. Kola, unanisikia? Wewe! Pasi!"

Moshi ulikuwa umeanza kupanda. Pasi ilikuwa imelala juu ya shati la mteja, na Kola hakuwa anaitazama. Alikuwa anatazama mlangoni.

"Nimewapelekea uji," alisema.

"Nani?"

Kola alikuwa ameshatoka. Alivua aproni njiani.

Njia ya kwenda nyumbani siku hiyo haikuwa na mwisho. Alipata usafiri mpaka sokoni, akaona unamchelewesha, akashuka, akakimbia. Jasho lilimwingia machoni. Alijiambia kwamba sungura hulala mchana. Akajijibu kwamba hawa hawalali. Alijiambia mama anaweza kuwa hajatoka nje kabisa. Akajijibu kwamba mama hutoka kila siku baada ya chai, na chai yenyewe alimwachia mwenyewe kwenye chupa, kikombe kikubwa. Mikono yangu mwenyewe, alifikiri. Shimo wangechimba wao. Kamba nimewapa mimi, na uji wake.

Alipokata kona ya nyumbani alisikia sauti ya Mzee Mihuri, ya starehe kabisa.

"... ndiyo nikamwambia mkubwa wangu, muhuri si nyundo! Ukiugonga kwa hasira, wino unatapakaa!"

Na sauti ya mama ikacheka, kicheko kifupi.

Kola alipita upande wa nyumba, akasimama.

Mama yake alikuwa amekaa chini, katikati ya ua, juani. Miguu ameikunja upande, kanga ameizungusha kiunoni imekaza, mgongo umenyooka. Mkononi alishika kipande cha kamba chenye urefu wa mkono wake. Ncha yake ilikuwa imetafunwa. Kamba iliyobaki ilikuwa imelala vipande vipande hadi ukutani, na sungura wawili walikuwa wanaimalizia, midomo ikichezacheza.

"Aa, binti, umewahi leo!" aliita Mzee Mihuri juu ya michongoma. "Mama yako ananionyesha namna ya kustaafu. Tangu asubuhi yuko hapo anaota jua. Tumepiga soga mpaka basi. Nikamwambia, dada yangu, jua limekuwa kali, ingia kivulini. Akasema bado anapunga upepo."

Kola alimfikia mama, akachuchumaa. Midomo ya mama ilikuwa imekauka. Chini ya kanga, ardhi ilikuwa na unyevu.

"Kamba ililegea," alinong'ona mama, uso bado umeelekea kwenye michongoma, bado unatabasamu. "Nikasimama. Sikujua nimeelekea wapi. Nikaona bora nikae kuliko nianguke. Sijaanguka, mwanangu. Uniandikie hivyo. Sijaanguka."

"Kwa nini hukumwita?"

"Nimwambie nini?"

Kola aliinuka. Alikuwa na maneno ya kutosha kuchoma michongoma yote. Alimtazama Mzee Mihuri, na mzee akaona ule uso, tabasamu likampungua. Mama akamshika Kola sketi kwa nguvu.

"Usiseme."

Kola aliinama. Alimwinua mama, akamkumbatia kama wanavyokumbatiana watu wenye furaha, akamwingiza ndani akimkinga kwa mwili wake ili jirani asione nyuma ya nguo. Akampa maji. Akamchemshia mengine, akamwogesha, akambadilisha.

"Jumapili kaka yako akiona ua ule," alisema mama mwishowe, "hatangoja nianguke."

"Nitapata kamba nyingine."

"Na mashimo?"

"Nitafukia."

"Utaacha kazi ukae unafukia mashimo?" Mama alipapasa kanga safi magotini, akainyoosha mikunjo ambayo haikuwepo. "Nilikuwa naona aibu yule mzee ajue. Leo nimekaa kwenye mkojo wangu nikicheka hadithi za mihuri. Aibu gani tena imebaki? Ya jirani nitaiweza. Ya ghorofani siiwezi. Nenda kamwite."

"Mama, una hakika?"

"Nenda kabla sijabadili mawazo. Na usimwambie mlangoni. Nitamwambia mwenyewe."

Mzee Mihuri alikuja na kofia mkononi, akijua kuna jambo ila halijui ni lipi. Alikaa kwenye kiti alichoonyeshwa. Mama alimgeuzia uso kwa kufuata mlio wa kiti.

"Jirani, siku zote tunaongea. Mimi nina macho ya namna gani?"

"Mazuri tu, dada yangu."

"Hayaoni."

Mzee alicheka kidogo, akingoja kilichobaki cha utani. Hakikuja. Alimtazama Kola, kisha mama, kisha akanyanyua mkono wake polepole akaupunga mbele ya uso wa mama, na mama hakupepesa.

"Unapunga mkono," alisema mama. "Nasikia upepo wake."

Akamweleza yote: kamba, mafundo, mashimo, asubuhi ile. Alieleza bila kulalamika, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni. Alipofika pale alipokuwa amekaa juani, Mzee Mihuri aliinamisha kichwa.

"Na mimi nikawa nakuhadithia habari za wino," alisema.

"Zilinisaidia. Nilijua upande wako uko wapi."

Mzee aligeuka kwa Kola. "Binti, ungeniambia siku ile ulipokuja."

"Nilikatazwa."

"Na mimi nikakwambia uruke." Alisimama, akavaa kofia, akaivua tena. "Nitawafungia. Leo hii. Kiapo changu nimeapa mwenyewe, nitajisamehe mwenyewe."

Kuapa ni rahisi, kukamata sungura ni kazi nyingine. Jioni ile na kutwa ya Jumamosi mtaa ulipata sinema ya bure: karani mstaafu anatambaa chini ya michongoma na kikapu, Kola anamzibia upande wa pili kwa shuka. Mzee alitoka na mikwaruzo usoni na kauli kwamba amewahi kushughulika na watu wagumu serikalini, lakini hawa hawakubali hata kupanga foleni. Alifungua banda la zamani la kuku, akalipigia mbao. Waliingia wote isipokuwa mmoja, mweupe mwenye sikio moja lililolala, ambaye kila alipokaribia kushikwa aligeuka hewa.

Shangazi naye, aliposikia kamba imeliwa na sungura, hakuuliza lolote kuhusu shati lililoungua. Alichukua kamba nyingine ya katani akaichemsha kwenye sufuria yake, akaikamua, akaichemsha tena. "Sasa haina hata ladha," alisema. "Akiila hii ana njaa kweli."

Jumapili alfajiri Kola alifunga kamba, akafumba macho, akatembea. Njia ilikuwa salama. Kaka alifika asubuhi na mkoba mkubwa mtupu, na Kola alipouona ule mkoba umewekwa kando ya mlango, aliweka kikombe cha chai chini. Waliongea habari za kazi, za watoto, za bei ya vitu. Halafu kaka akasema, "Mama, hebu tuone unavyotembea."

"Naenda kunawa mikono," alisema mama. "Ukitaka kutazama, tazama."

Alishika kamba akashuka ngazi. Kaka alisimama mlangoni, mikono kifuani, Kola nyuma yake. Fundo moja. Mama aliligusa, akaendelea, akiufuata ukuta. Ndipo Kola alipoona udongo mbichi. Ulikuwa kando ya ukuta, palepale alipopita alfajiri, kilima kidogo chekundu ambacho hakikuwepo kabla ya chai. Nyuma yake kulikuwa na giza dogo la shimo. Mama alikuwa hatua tatu kutoka pale, anakwenda wima, kwa imani.

Akipiga kelele, kaka atajua. Asipopiga, mguu utazama. Kola alifungua kinywa.

"Dada yangu!" Sauti ya Mzee Mihuri ilitoka kwenye michongoma, ya kawaida kabisa. "Za asubuhi! Hebu sogea huku kwangu kidogo nikuone, majani yamenikinga!"

Mama alisita. Uso wake ukageuka kule sauti ilikokuwa. Mkono haukuiacha kamba, aliunyoosha tu, akasogea hatua mbili kuelekea kwa jirani.

"Nzuri, jirani. Wewe je? Mikwaruzo imepona?"

"Inapona. Haya, endelea hivyohivyo, nakuona vizuri sasa. Endelea... Ehe. Basi, nisikucheleweshe, mgeni wako anakungoja."

Shimo lilibaki kushoto kwake, mama akarudi ukutani. Mafundo mawili. Kona. Maji yakasikika yakitoka bombani.

"Huyo mzee ana maneno," alisema kaka.

"Mengi," alisema Kola. Akajishikiza kwenye fremu ya mlango.

Kaka alitazama mpaka mama aliporudi, kwa njia ileile, na safari hii alijisogeza mwenyewe bila kuambiwa. Kisha akacheka kidogo. "Mbona anatembea kuliko mimi?" Alipoondoka mchana alibeba mkoba wake mtupu vilevile alivyokuja nao, akambusu mama kwenye paji la uso, akamwambia Kola amjulishe akianguka. Kola alisema atamjulisha.

Gari lilipoishia kona, yeye na Mzee Mihuri walikuwa tayari wamepiga magoti pande mbili za michongoma.

Yule mweupe walimpata siku ya tatu. Tangu hapo, kila asubuhi, mzee anapowapa majani bandani hupaza sauti, "Wote wamo, binti!" Kola humjibu ahsante. Kisha hushika kamba kwa mkono wa kushoto, akafumba macho, akaburuza mguu wa kwanza.